Hiyo "es" ni ya Nini, Mwalimu?

Wanachuo wenzangu, nina deni kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza huko Temeke. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimkata alama kwa kuandika "Daresalama". Akauliza, "Mwalimu, hiyo 'es' ni ya nini?" Nikamjibu, "Ndivyo inavyoandikwa, kaa chini." Akakaa. Nilikuwa nimemzima tu, sikumfundisha kitu.

Jibu nililipata nimesharudi chuo. Hapa palikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji, na mji ukapata jina la Kiarabu. "Dar" ni nyumba au makao, "salaam" ni amani. "Es" ni ile "al" ya Kiarabu: ikikutana na s, l yake humezwa. Na a ziko mbili kwa sababu Waarabu huivuta sauti hiyo. Wengine husema maana yake ni bandari ya salama, kwa hiyo yule dogo hata hakuwa mbali! Wajerumani nao walipotawala waliunganisha yote, wakaandika Daressalam.

Mambo haya hayako kwetu tu. China ina mikoa miwili jirani ambayo majina yake hutofautishwa na toni peke yake. Kwa herufi za Kilatini yangefanana kabisa, basi mmoja ukaandikwa Shanxi, mwingine ukaongezewa a ukawa Shaanxi. Herufi moja tu, lakini bila hiyo barua ingepotea.

Sisemi kila mtu aandike anavyojisikia. Vyeti na ramani vinataka tahajia moja. Ninachosema ni kwamba tusimkate mtoto alama kwa kitu ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukieleza. Aliyeandika "Daresalama" alisikiliza kwa sikio la Kiswahili, lugha inayopenda neno liishe kwa irabu. Yeye alikosea akiwa anafikiri. Mimi nilisahihisha bila kufikiri.

Ninyi mnaokwenda kufundisha mwaka huu, iwe Kinondoni au Mbagala, mtaulizwa swali kama hilo. Kama jibu hunalo, sema, "Sijui, kesho nitakuletea." Halafu kesho umletee kweli. Mimi muda wangu pale uliisha, na yule dogo mpaka leo anajua tu kwamba alikosa.