Mbwa apimwe kwa tabia, si kwa ukubwa wa kichwa

Jamani, kuna mambo ya huku Marekani ambayo nikimsimulia mtu wa Sinza atadhani namtania. Leo nina hili la orodha ya mbwa wasiotakiwa kambini. Najua wapo watakaocheka: dunia ina matatizo yote haya, wewe unalia na mbwa! Chekeni tu, lakini mnisome, maana nyuma ya orodha hii kuna pesa, kuna hofu ya kweli, na kuna watu walioumia.

Kwanza nieleze mchezo ulivyo. Huku kupiga kambi ndiyo likizo ya wengi ambao hoteli inawashinda. Unapakia hema, watoto wanapanda, na mbwa naye anapanda, kwa sababu hapa mbwa ni mtu wa nyumbani, si mlinzi wa getini mwenye kibao cha "Mbwa Mkali". Kambi nyingi za watu binafsi zinajitangaza kwamba wanyama wanakaribishwa. Ukishuka kwenye masharti ndipo unakutana na "isipokuwa": pitbull, Rottweiler, Doberman, na kwingine Akita, Chow Chow, hata German Shepherd.

Mwaka juzi nilikwenda milimani Colorado na rafiki yangu pamoja na mbwa wake, Bosi, aliyemchukua kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Hakuna anayejua mama yake alikuwa nani, achilia mbali baba. Kichwa kikubwa, kifua kipana, na usingizi wa ajabu. Nafasi tulishailipia. Getini kijana wa zamu akachungulia dirishani, akatoa karatasi yenye picha za mbwa, akatazama picha, akamtazama Bosi, akarudi kwenye picha, kama trafiki aliyepewa leseni ya miaka kumi iliyopita. Akasema samahani, huyu haingii. Ilikuwa saa mbili usiku. Tukaendesha karibu saa nzima hadi kambi ya serikali ndani ya msitu wa taifa. Pale ubao ulikuwa na sharti fupi: mbwa afungwe kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Kila mbwa. Ukoo hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sidai mbwa waachiwe. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani nazo zina kamba hiyo hiyo ya futi 6, na zinakataza kumfunga mbwa mahali ukamwacha peke yake. Ndani ya Rocky Mountain National Park mbwa anafika kambini na barabarani, lakini kwenye njia za kutembea kwa miguu haruhusiwi, awe mdogo wa kubebwa mkononi au mkubwa kama ndama. Kwetu ni kali zaidi: Serengeti huingii na mbwa wako, na sababu inaeleweka. Mwaka 1994 ugonjwa unaotokana na virusi vya mbwa uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sharti gumu, lakini lina sababu na halimchagui mtu.

Orodha ya aina za mbwa yenyewe hasa inatokana na bima. Mwenye kambi mara nyingi hana ugomvi na mbwa wako. Anaogopa kampuni ya bima. Mwaka 2023 pekee, bima za nyumba Marekani zililipa zaidi ya dola bilioni 1 kwa madai ya watu walioumizwa na mbwa. Siwezi kumlaumu mtu mwenye vibanda ishirini na mkopo wa benki. Ila tuseme ukweli: karatasi ile getini inalinda mkataba wake wa bima kwanza, mtoto wa hema la jirani baadaye.

Na huyo mtoto simdharau. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, uliopitia vifo 238 vya watu walioshambuliwa na mbwa Marekani kati ya 1979 na 1998, ulikuta pitbull na Rottweiler kwenye zaidi ya nusu. Hiyo si hadithi. Lakini aina za mbwa walioua hazikupungua 25, na watafiti wenyewe walionya kwamba sheria zisijengwe juu ya aina tu. Mwaka 2022 jarida la Science likatoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000: aina ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sasa kijana wa getini, kwa tochi na picha, ataiona asilimia hiyo?

(Kuna wanaosema hili ni sawa na polisi kumsimamisha mtu kwa rangi yake. Mfano huo siupendi. Mtu si mbwa, na hoja inasimama bila huo.)

Denver, saa chache tu kutoka tulipofukuzwa, ilipiga marufuku pitbull mwaka 1989. Novemba 2020 wapiga kura wakaibadilisha: mwenye mbwa anaomba kibali, mbwa anakaguliwa na kuwekewa chipu, na akikaa miezi 36 bila kosa anahesabiwa kama mbwa mwingine yeyote. Nayo sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inasema mbwa msaidizi hazuiwi kwa sababu ya aina yake. Anatolewa akishindwa kutulizwa. Kwa hiyo kambi ile ile iliyomkataa Bosi ingelazimika kumpokea pitbull anayemsaidia mwenye ulemavu, na kumhukumu kwa mwenendo wake. Kama inawezekana kwa huyo, kwa wengine inashindikana nini? Dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, dai kamba, na atakayeivunja aondoke usiku huo huo bila kurudishiwa hela.

Nevada na New York zilipitisha sheria mwaka 2021 kuzuia kampuni za bima ya nyumba kumbagua mteja kwa aina ya mbwa wake. Ni bima ya nyumba lakini, si ya kambi. Kwa hiyo mlioko huku wenye mbwa wa vichwa vikubwa, pigeni simu kabla ya kulipa, tajeni mbwa alivyo, na jibu mliombe kwa maandishi.