Upasuaji wa macho kwa leza: Mgonjwa aelezwe yote kabla ya kutia saini

MATANGAZO ya upasuaji wa macho kwa miale ya leza huahidi jambo moja: kwamba mtu ataingia chumbani akiwa na miwani na kutoka bila miwani. Kwa wagonjwa wengi ahadi hiyo hutimia. Tatizo ni yale yasiyotajwa katika tangazo, ambayo mgonjwa huenda akayakuta kwa mara ya kwanza katika fomu ya Kiingereza anayotakiwa kutia saini siku ya upasuaji.

Si kwamba upasuaji huu, ambao aina yake maarufu zaidi huitwa LASIK, ni wa kuogofya. Nchini Marekani, ambako idara inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu (FDA) iliidhinisha mashine za kwanza za leza ya macho mnamo 1995, umefanyiwa mamilioni ya watu, na kupofuka ni nadra mno.

Utafiti ulioendeshwa na idara hiyo pamoja na wizara ya ulinzi na taasisi ya taifa ya macho, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2017, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa waliridhika. Walakini, miongoni mwa wale ambao awali hawakuwa na kasoro kama vile kuona duara za mwanga kuzunguka taa au kuona vitu viwili viwili, hadi asilimia 46 waliripoti angalau dalili moja mpya miezi mitatu baadaye. Hadi asilimia 30 ya wale ambao hawakuwa na tatizo la macho makavu walilipata.

Takwimu hizo hazipingani. Ni wachache sana, chini ya asilimia moja, waliosema kuwa dalili hizo ziliwatatiza mno katika shughuli zao za kila siku. Karani anayeona duara hafifu kwenye taa za barabarani jioni anaweza kuvumilia na kushukuru. Kwa dereva wa lori anayetoka Mombasa kuelekea Malaba usiku kucha, huku taa za magari zikimkabili, hilo ni suala la riziki na uhai. Ndiyo maana swali la iwapo upasuaji huu ni salama halitoshi. Mgonjwa aulize kama unamfaa yeye, kwa kazi yake na jicho lake.

Jibu la swali hilo hupatikana kwenye vipimo. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ina unene wa takriban nusu milimita tu. Katika LASIK, daktari hukata utando mwembamba, akaufunua, leza ikapunguza sehemu ya konea iliyo chini yake, kisha utando ukarudishwa. Kilichoondolewa hakirudi tena, na kadiri miwani ilivyo na nguvu ndivyo kinachoondolewa kinavyozidi. Neva za konea pia hukatwa, na hapo ndipo ukavu unapoanzia.

Hatari kubwa zaidi humkabili mwenye ugonjwa wa keratokonasi, ambao huifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka kama pia. Huanza ujanani, na kuyafikicha macho mara kwa mara kwa sababu ya mzio huuchochea. Kijana ambaye miwani yake hubadilishwa kila mwaka achunguzwe kwa makini, maana leza huweza kuharibu kabisa konea ya aina hiyo. Binafsi, ningemwamini zaidi daktari anayewarudisha nyumbani baadhi ya wagonjwa kuliko yule asiyemkataa yeyote.

Vipimo vyenyewe huharibika iwapo mgonjwa anavaa lenzi za machoni. Zile laini ziachwe kwa muda usiopungua wiki mbili kabla ya kupimwa. Zile ngumu kwa muda mrefu zaidi. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa kusubiri. Naye aliyetimu miaka 40 ajue kuwa leza haizuii miwani ya kusomea.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa manufaa, hatari na gharama za matibabu kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo si hisani mtu akiomba kufafanuliwa fomu kwa Kiswahili, akaenda nayo nyumbani akaisoma kwa utulivu.

Jambo la mwisho husahaulika kwa wepesi. Konea ikishapunguzwa, mashine za kupima presha ya macho huweza kuonyesha kiwango cha chini kuliko kilivyo hasa. Glakoma, ambayo huwashambulia zaidi watu wenye asili ya Kiafrika na hunyemelea bila maumivu, yaweza kupita bila kutambuliwa. Hata hesabu ya lenzi atakayowekewa mtu akipata mtoto wa jicho uzeeni huwa ngumu. Kwa sababu hiyo mgonjwa adai nakala ya vipimo vyake vya kabla na baada ya upasuaji, aihifadhi pamoja na hati zake muhimu, na amwonyeshe kila daktari wa macho atakayemtibu.