Waranti Imeisha, Kifaa Hakijaisha

Wasee, kuna uongo mmoja tumeumeza mpaka tukauzoea: ati waranti ikiisha, kifaa nacho kimeisha. Ukirudi dukani mwezi wa 13 unaangaliwa kama mtu amekuja kuomba nauli. Unaambiwa "pole", na hapo hapo unaonyeshwa kipya kwenye kabati la kioo. Na wewe, badala ya kuuliza maswali, unaanza kuhesabu pesa.

Mimi nakataa. Waranti ni ahadi ya muuzaji, na tarehe yake aliichagua yeye. Hakuuliza betri itaishi miaka mingapi, na hakuuliza ilikuchukua miezi mingapi kuweka hiyo pesa. Ikiisha, kilichoisha ni ahadi yake. Kifaa bado ni changu.

Niwape mfano wangu. Niko na kifaa cha kusomea vitabu, ile aina ya skrini ya kijivu isiyowaka kama simu. Chapa yake siitaji na duka silitaji, juu hii shida iko kila mahali. Nilikinunua hapa Eldoret kikiwa kipya kwenye boksi, Sh16,500, waranti mwaka mmoja. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Historia, uchumi, riwaya, vitabu vya kuandika skripti, vyote nimevisomea hapo ndani ya matatu ya Langas na kwenye foleni za hospitali. Hiyo ndiyo ilikuwa lekcha yangu, na haikuwa na mtu wa kunifungia mlango kwa sababu sijamaliza kulipa.

Mwezi wa 14 kikakataa kushika chaji. Nikakipeleka dukani. Kijana wa kaunta hata hakukishika mkononi. "Waranti iliisha, siste. Na hizi hazitengenezwangi. Ongeza tu thao kumi na tano tukupee mpya."

Hazitengenezwangi. Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Nilienda kwa fundi wa simu, mmoja wa wale wanaofanya kazi kwenye kibanda chenye upana wa meza moja. Alikifungua na kadi ya benki iliyopitwa na wakati, polepole, juu mgongo wake ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Akapima betri kwa mita. Imekufa kabisa. Kila kitu kingine kilikuwa sawa: bodi sawa, skrini sawa, tundu la chaja sawa. Betri ya aina ile hakuipata Eldoret, na jamaa zake wa Luthuli Avenue pale Nairobi nao hawakuwa nayo. Basi akatafuta seli ya ukubwa unaokaribiana, akatoa kile kibodi kidogo kilichoko juu ya betri ya zamani, akakiunganisha na seli mpya. Hicho kibodi ndicho kinailinda betri isijae kupita kiasi, na bila hicho kifaa kinaweza kuikataa. Alasiri moja, Sh1,200. "Madam, hawa walifunga hii kitu kama jeneza," aliniambia. "Hawakutaka mtu aione tena."

Sasa turudi kwa lile neno. Duka lilisema hazitengenezwangi. Kibanda kikatengeneza. Kati ya Sh15,000 za kaunta na Sh1,200 za fundi kuna Sh13,800, na hizo ndizo zinalindwa na gundi. Sio siri ya teknolojia. Ni hesabu ya mauzo.

Najua kuna mtu tayari ana jibu: "Si utumie simu tu?" Boss, simu inakuletea kila mtu. Unafungua ukurasa wa tatu, group ya familia inaingia, mkopo unakukumbusha, kitabu kimekufa. Skrini ya hivi vifaa inafanya kazi tofauti: ndani yake kuna vidonge vidogo sana vyenye rangi nyeusi na nyeupe, umeme unavisukuma vipange herufi, halafu vinatulia. Umeme mwingi unatumika tu ukigeuza ukurasa. Ndio maana chaji moja inaenda wiki kadhaa, na unasoma kwenye jua la saa saba bila shida. Kwa mtaa wenye stima za kubahatisha, hicho ni kifaa cha maana.

Lakini pia ni kifaa chepesi kuumia. Tabaka la ile skrini kwa kawaida linakaa juu ya kioo chembamba. Mwaka 2010, shirika la Worldreader lilianza jaribio la kuwapa wanafunzi wa Ghana visomeo vya Kindle. Tathmini iliyofuata ilikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vimeharibika, hasa skrini. Watoto walikuwa wanasoma, na hiyo ni poa. Lakini fikiria umeleta maktaba, na karibu nusu ya rafu zinaanguka, na hakuna seremala ndani ya kijiji aliyepewa misumari.

Na hapa kwetu? Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti kwenye shule za msingi za umma. Zaidi ya vifaa milioni 1, zaidi ya shule 20,000. Moi University, chuo cha hapa kwetu, kilikuwa moja ya vyuo viwili vilivyopewa hiyo kazi, kingine JKUAT. Waranti za zile tableti ziliisha zamani. Muulize mwalimu yeyote unayemjua: za shule yenu ziko wapi? Na zilipokufa betri, nani alipewa betri mpya azibadilishe? Sisi tulisherehekea siku ya kufungua maboksi. Siku ya kutafuta vipuri hakuna kamera iliyokuja.

"Lakini huwezi kulazimisha kampuni." Ati huwezi? Wenzetu wamelazimisha. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kutaka simu na kompyuta mpakato ziuzwe zikiwa na alama ya kuonyesha ni rahisi kiasi gani kuzitengeneza. California, kuanzia Julai 2024, mtengenezaji wa vifaa vya elektroniki vya bei ya dola 100 kwenda juu anatakiwa kutoa vipuri na maelekezo kwa miaka 7, hata kama waranti imeisha. Soma hiyo tena: hata kama waranti imeisha. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka, kwa jumla, ziwe ni za kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Na hata kwenye hivi vifaa vya vitabu, mwaka 2024 Kobo ilitoa visomeo vipya ikashirikiana na iFixit ili mwenye kifaa apate vipuri na maelekezo ya kukifungua. Kwa hivyo inawezekana. Anayekuambia haiwezekani anamaanisha hapati faida.

Sasa sisi. Sisi ndio tunanunua zile bidhaa zile zile, wakati mwingine kwa bei ya juu kuliko wao, na tunapewa gundi.

Mnakumbuka Juni 2024. Kwenye Mswada wa Fedha kulikuwa na ushuru wa mazingira ambao ungegusa hata simu na vifaa vya elektroniki, kwa hoja kwamba vinaleta taka. Tukaingia barabarani, Eldoret tukiwemo, na mswada ukaondolewa. Sawa. Lakini angalia ile hesabu: wewe mnunuzi ulikuwa uongezewe bei kwa sababu kifaa kitakuwa taka, na hakuna aliyemuuliza aliyekitengeneza mbona kinakuwa taka haraka hivyo. Tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na inasema mtengenezaji na mwagizaji wabebe jukumu la bidhaa zao zikishakuwa taka. Ni nzuri. Lakini hapo tumepanga mazishi, hospitali bado hatujajenga. Fundi wa kile kibanda anazuia taka nyingi kuliko mabango yote ya mazingira mjini, na hakuna sheria inayomlazimu mtu kumuuzia kipuri.

Na msidhani kwamba hatuna pa kusimamia. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Inampa pia haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu kile alichonunua, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Mimi nasoma hapo kwenye maelezo naona mwongozo wa kutengeneza. Nitafaidije kikamilifu kitu ambacho hata jina la betri yake nimefichwa? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora unaofaa, hata kama hakusema neno, na huwezi kusainishwa karatasi ya kuiondoa hiyo haki. Hiyo sheria haisemi "miezi 12 halafu kila mtu na lwake". Kwa hivyo swali halali ni hili: kifaa cha Sh16,500 kinachokufa mwezi wa 14 bila kuanguka na bila kuloa, kweli kilikuwa na ubora unaofaa? Wacha muuzaji alijibu kwa maandishi.

Sisemi kila kitu kikiharibika duka lilipe. Ukikikalia, umekikalia. Ukikiangusha kwenye ndoo, hiyo ni yako. Na sisemi kila mtu akimbie jikoni akafungue betri kwa kisu, juu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Hiyo ndiyo sababu nyingine gundi ni ujinga: inamlazimisha fundi kung'oa kwa nguvu kitu ambacho hakifai kung'olewa kwa nguvu. Wakituwekea skrubu mbili, hakuna mtu anaumia.

Kwa hivyo ninataka vitu vitatu, na sio vya ndoto. Moja, anayeuza kifaa cha elektroniki Kenya ahakikishe betri, skrini na maelekezo vinapatikana kwa miaka kadhaa baada ya mauzo, na kwa fundi yeyote, hata asiye na kibali cha kampuni. Mbili, betri itoke bila gundi. Tatu, kabla sijalipa niambiwe kwa maandishi: kikiharibika baada ya waranti, kinatengenezwa wapi? Kama jibu ni "hakuna", liandikwe kwenye boksi, kwa herufi kubwa kama za bei.

Mpaka hiyo sheria ije, tusikae tu. Weka risiti, piga picha juu ile karatasi inafifia. Kabla ya kununua, tafuta kwanza kama betri yake inauzwa kivyake. Kama haiuzwi, hiyo bei si ya kununua, ni ya kukodisha. Kikikufa, andika barua fupi ukitaja Kifungu cha 46, uipeleke na ubaki na nakala. Wakikupuuza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inapokea malalamiko ya wanunuzi. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, ya kesi zisizozidi Sh1,000,000: hulazimiki kuwa na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Wenye maduka wanajua hizi njia zipo. Wanategemea wewe hujui.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Tulipiga picha, tukabadilisha mabio. Lakini jiji la watu wanaonunua na kutupa ni soko la mtu mwingine tu. Pale chini kwenye vibanda kuna vijana wanaojua kuhamisha kibodi cha betri kwa mikono mitupu na mita moja ya zamani. Wapeni vipuri na michoro, muone kama kuna kitu kitaitwa tena "hazitengenezwangi".