Anayekamata Ajulikane Kwanza

Sheria ya nchi yetu haina mzaha na mtu anayezuia ukamataji halali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kwamba anayemshambulia, anayempinga au anayemzuia kwa makusudi askari polisi aliye kazini, au mtu anayemsaidia askari huyo, anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Anayemwokoa kwa nguvu mtuhumiwa wa kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha, naye anaweza kufungwa maisha. Adhabu hizo ni kali, na zinastahili kuwa kali. Mahali ambapo kila ukoo, kila kijiwe na kila genge linajipa mamlaka ya kuamua nani akamatwe na nani aachwe, mnyonge ndiye huumia kwanza.

Ndugu msomaji, hebu tuseme kweli. Katika miji yetu imezuka tabia ya kugeuza ukamataji kuwa mchezo wa kuvutana kamba. Dereva wa bodaboda amemgonga mtoto. Askari anafika kumchukua. Mara pikipiki ishirini zinalizunguka gari la polisi, mawe yanarushwa, na mtuhumiwa anatokomea vichochoroni huku akishangiliwa. Huo wanauita mshikamano. Lakini mtoto aliyevunjwa mguu hana kijiwe cha kumtetea, wala mama yake hana pikipiki ishirini. Tegemeo lao ni yule askari aliyepigwa mawe.

Upo na uzuiaji wa namna ya pili, ambao watu hawaufikirii kuwa ni uzuiaji: kumnyakua mtuhumiwa mikononi mwa askari ili auawe. Sisi waandishi tumeupamba unyama huo kwa maneno ya "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni hakimu. Mwizi wa kuku anayechomwa kwa tairi na petroli amenyimwa mahakama kwa nguvu ile ile inayotumika kumtorosha jambazi.

Basi katika hilo hatuna ubishi na Serikali. Ubishi wetu ni juu ya neno moja ambalo baadhi ya watendaji hulisoma wakiwa wamefumba macho: neno "halali".

Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1945, enzi za Mwingereza, wakati askari wa Bwana DC hakuulizwa jambo na mtu wa kijijini. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni yetu wenyewe. Ilitungwa na Bunge letu mwaka 1985. Nayo inasema wazi kwamba anayekamatwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, isipokuwa pale ambapo mazingira yenyewe yanalieleza au yeye mwenyewe amesababisha isiwezekane kumweleza. Inasema nguvu isizidi ile inayohitajika. Aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama hilo haliwezekani basi mapema iwezekanavyo. Hayo si mapambo ya ukamataji. Ndiyo yanayoutofautisha na utekaji.

Hata hivyo tunawasikia maofisa wadogo wakitamba: "Ukiniuliza maswali nitakuweka ndani kwa kuzuia kazi ya polisi!" Na kwa kuwa sheria inamruhusu askari kumkamata bila hati mtu anayemzuia kwa makusudi, kauli hiyo inageuka kuwa kiboko mkononi mwa mvivu. Kuuliza si kuzuia. Huko Uingereza, tulikorithi sheria hii, mahakama iliamua mwaka 1966, katika kesi ya Rice na Connolly, kwamba mtu aliyekataa tu kujibu maswali ya polisi barabarani hakuwa amemzuia askari kwa makusudi bila sababu ya kisheria. Na mwaka 1947, katika shauri la Leachinsky, mfanyabiashara wa Liverpool, Baraza la Malord lilitamka kwamba kumkamata mtu bila kumwambia sababu ya kweli si halali. Ikiwa Mwingereza aliyetuachia kiboko amekwisha kukitundika ukutani, sisi tunakishikia nini?

Swali hilo si la wanasheria peke yao. Tarehe 6 Septemba 2024 watu wenye silaha walilisimamisha basi eneo la Tegeta, Dar es Salaam, wakamtoa Ndugu Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa Sekretarieti ya Chadema, aliyekuwa safarini kwenda Tanga. Siku iliyofuata mwili wake ulikutwa Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Miezi miwili baadaye, Novemba 2024, huko Kiluvya, kando ya Barabara ya Morogoro, watu walijaribu kumsukumiza mfanyabiashara mmoja ndani ya gari. Alikataa, akang'ang'ana, akapiga kelele, na nchi nzima ikaiona picha hiyo ya video. Baadaye watuhumiwa walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa shitaka la kutaka kumteka.

Tafakari maana ya Kiluvya. Mtu yule aliokoka kwa sababu alifanya kile ambacho mbele ya askari halali kingekuwa kosa la jinai. Alipinga. Angetii, nani ajuaye angekuwa wapi leo?

Kutoka Kiluvya hadi Kata ya Sofu, mjini Kibaha, si mbali. Mkazi wa Sofu akiona jioni gari lisilo na alama, watu wanne wenye nguo za kiraia na pingu, na jirani yake akiburutwa, afanye nini? Akiingilia kati, huenda wale ni askari kanzu na yeye anaitafuta miaka mitano. Akinyamaza, huenda kesho akaitwa kuutambua mwili. Hakuna haki ya kumpa mwananchi mtihani wa namna hiyo, kisha kumwadhibu akikosa jibu. Aliyemfungia mwananchi njia ya kujua ndiye anayepaswa kubanwa.

Watakuwepo wa kutuambia kwamba kazi ya upelelezi ni ya siri na kwamba majambazi hawakamatwi kwa kupigiwa tarumbeta. Sawa. Mpelelezi na avae kanzu, auze kahawa, akae kijiweni mwezi mzima bila kujulikana. Lakini siri hiyo inakwisha pale mkono wake unapogusa bega la mtuhumiwa. Kuanzia hapo hana tena wa kumficha isipokuwa wananchi wenyewe, na askari anayejificha kwa wananchi amekwisha kujifananisha na mhalifu anayemtafuta.

Nchi hii iliwahi kujua kuwajibika katika mambo haya. Watu walipoteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyemgusa mtu hata kwa ukucha. Hakusema wananchi wale walikuwa wakizuia kazi ya polisi.

Tunachodai ni kidogo na hakina gharama. Askari kanzu anayekamata atoe kitambulisho bila kusubiri kuombwa. Ataje kosa, na ataje kituo anakompeleka mtuhumiwa. Gari liwe na namba zake halisi. Ikiwa ni mtaani, Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji ajulishwe, kabla au mara baada ya mtuhumiwa kuchukuliwa. Yote hayo hayazidi dakika mbili. Baada ya dakika hizo mbili, kijana wa Sofu atakayerusha jiwe apelekwe mahakamani na asomewe kifungu chake, nasi tutaandika habari hiyo bila kumwonea huruma. Kabla ya hapo, mwendesha mashitaka aanze kwa kumweleza hakimu kijana huyo angemjuaje askari.