Ndege wa Uani

Katika nchi yetu ya Katanga majira mapya hayangoji mvua. Mnamo mwezi wa Agosti na Septemba, vumbi lingali jingi njiani, na majivu ya moto wa nyika yangali yakipeperuka, miti ya porini huanza kuvaa majani mapya, mekundu kama shaba, kabla tone la kwanza halijaanguka. Wazee wakiyaona hujua kwamba umefika wakati wa kutafuta jembe. Ndipo ndege nao huzidisha sauti zao.

Nyumbani kwetu Lubumbashi anayeamka kwanza ni shore, yule ndege wa rangi ya udongo, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Kabla hakujapambazuka vema, yeye yuko juu ya mwembe akiimba. Baadaye, karibu na Oktoba, hufika mbayuwayu. Wengi wao hutoka Ulaya, nao huvuka jangwa la Sahara kwa mabawa yao, ingawa uzito wa mmoja ni gramu 20 hivi tu. Mwezi wa Aprili huwa wamekwisha kurudi kwao, na watu wa Ubelgiji wakiwaona hufurahi kwamba baridi inakwisha. Hivyo ndege mmoja huleta habari njema katika nchi mbili.

Mwaka jana furaha hiyo ilikatika uani kwetu, na kosa lilikuwa letu. Mwana wetu wa miaka 9 alitengeneza manati, nasi tukamsifu kwa shabaha yake alipoangusha kopo ukutani. Asubuhi moja alituletea shore mkononi, angali na joto, akitazamia sifa zile zile. Mama yake hakumkemea. Alimchukua hadi chini ya mwembe, akamwinua atazame kiota. Vifaranga wawili walifumbua midomo, wakidhani chakula kimekuja.

Tangu hapo ndege mmoja aliyebaki alikwenda na kurudi mchana kutwa, mdudu mmoja mmoja mdomoni. Mtoto alikaa barazani akihesabu safari zake. Alipofika 40 aliacha kuhesabu, akaingia ndani, akalia. Kifaranga mmoja alikufa. Wa pili aliota manyoya, akaruka.

Enyi wazazi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulimfundisha mwana wetu kulenga, lakini hatukumfundisha kutazama. Tungalimwonyesha kiota kwanza, huenda asingaliinua manati kamwe. Nanyi wanafunzi, mkitaka ndege wakae kwenu, haihitajiwi fedha wala kizimba. Wakati wa kiangazi wekeni maji katika chungu kipana chenye maji haba, mahali penye kivuli. Msikate tawi lenye kiota. Kisha nyamazeni kidogo alfajiri, msikie. Wadudu wengi wa bustani nao wataliwa, na mboga za mama zitapona.

Mwaka huu manati haipo tena. Mpira wake unafunga mlango wa banda la kuku. Nasi juzi, kabla ya mapambazuko, tuliamshwa na mkono mdogo begani.

«Baba,» alinong'ona, «shore amerudi. Njoo polepole.»