Mkataba Uliofungiwa Kabatini

Juzi kijiweni kwetu, pale tunaposomeana miswada, nilisema nataka kuandika habari za mkataba wa hali bora wa watu wa posta. Wakacheka. Mmoja wao, mshairi mzuri tu na wala simchukii, akaniambia: "Dogo, hiyo peleka chama cha wafanyakazi. Hapa tunaandika fasihi." Nilinyamaza siku ile kwa sababu chai alikuwa amelipa yeye. Leo nimelipa mwenyewe, kwa hiyo nasema.

Mimi ni mtoto wa Suma, Rungwe, kwenye chai na migomba na mvua isiyoomba ruhusa. Utotoni sikuwahi kuona mtu wa posta akibisha hodi kwetu. Barua ilikuja kwa sanduku la shule au la kanisa, S.L.P. fulani, Tukuyu, na jina la mzee limeandikwa pembeni. Ikifika mjini inalala sandukuni hadi mwalimu aende kufuata mshahara. Mwalimu anarudi nayo mfukoni, anampa mwanafunzi, mwanafunzi anampa jirani, na ndipo mama anaipata, imekunjamana na ina alama za vidole vyenye matope. Hiyo ndiyo fasihi yangu ya kwanza, jamani. Barua za wajomba waliokwenda migodini Zambia, nilizisomewa kabla sijajua kusoma. Sasa mnaniambia watu walioibeba barua ile si habari ya kuandika?

Haya, mkataba wenyewe. Wengi hudhani mkataba ukisainiwa kazi imekwisha. Picha inapigwa, mkurugenzi na katibu wa chama wanashikana mikono, makofi, soda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 71, inasema mkataba wa pamoja ulioandikwa na kusainiwa unawabana walioutia saini na wanachama wao, na hata wafanyakazi wasio wanachama, pale chama kinapotambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi lao. Nakala moja inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Vizuri sana. Na nakala ya karani wa kaunta iko wapi? Kifungu cha 16 kinamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi tamko la haki za mfanyakazi, lakini ni haki zilizomo katika Sheria. Zile za ziada ambazo chama kimezipigania usiku na mchana zinabaki kwenye kabati la bosi.

Namjua dada mmoja, karani katika ofisi ndogo ya posta. Ofisi siitaji wala mji sitautaja, asije akaulizwa maswali. Wako wawili tu pale. Mfuko wa barua na vifurushi huja na basi, na basi likipasua tairi njiani mfuko unafika saa tatu usiku, naye yuko pale anausubiri. Sheria imeweka saa 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Nikamuuliza, "Dada, hizo saa za usiku unaziandika wapi?" Akanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi. "Ziandikwe wapi, mdogo wangu, na daftari lenyewe halipo?" Likizo je? Sheria inampa siku 28 kwa mwaka. Akiondoka yeye, kaunta anabaki nayo mwenzake peke yake, na mwenzake ana mtoto mchanga. Hajaenda likizo, na hakuna aliyemkataza. Mtu wa kumshikia zamu ndiye hakuna.

Hapo ndipo mkataba unapofia, ndugu zangu. Haufi kwa mgomo wala kwa hotuba. Unafia kwenye daftari ambalo halikununuliwa, kwenye fomu ambayo haikuchapwa, na kwa mhasibu ambaye hajaambiwa posho mpya aiingize mstari gani wa orodha ya mishahara. Ukiuliza, jibu ni moja: tunasubiri maelekezo kutoka juu. Huko juu nako wanasubiri nini, Mungu ndiye ajuaye.

Na mkataba wao umeandikwa kwa Kiingereza! Kurasa nyingi, kila sentensi ina mkia mrefu kama treni ya mizigo. Sheria yenyewe ya 2004 ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili mambo, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi mikataba ya kazi nayo inangoja nini? Karani anayewahudumia wateja kwa Kiswahili kutwa nzima anadaiwa azijue haki zake kwa lugha anayoikuta kwenye vitabu vya mwongozo tu. Huo ni utani, tena utani mbaya.

Nilikaa na dada yule Jumapili mbili, mkataba umetandazwa mezani, mimi na kamusi yangu iliyochanika jalada. Tulipofika kifungu kinachosema nani anahusika, akauliza swali lililonikata maini: "Na yule kijana anayebeba mfuko kutoka kituo cha basi kwa bodaboda, yumo?" Tukatafuta. Hayumo. Analipwa kwa safari. Mawakala wa vijijini, wale wenye duka na mhuri, wanaolipwa kamisheni, nao hawamo.

Lakini kuna Sheria nyingine ya mwaka uleule, ya Taasisi za Kazi, na kifungu chake cha 61 kinasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata moja kati ya dalili kadhaa: anapangiwa saa zake, anapewa vifaa, anamtegemea kiuchumi mtu huyo mmoja, na kadhalika. Kijana wetu anapangiwa saa na mfuko si wake. Nani amewahi kumsomea kifungu hicho? Huko Kanada wabeba barua wa vijijini walihesabiwa makandarasi miaka mingi, na sheria ya posta iliwazuia hata kujadiliana kwa pamoja. Chama chao, CUPW, kikashikilia, na tarehe 1 Januari 2004 wakawa waajiriwa. Hata hivyo malipo yaliendelea kuwa chini ya yale ya wenzao wa mjini, na wengi wao ni wanawake, hadi uamuzi wa usawa wa malipo wa mwaka 2018. Miaka 14 baada ya saini! Na ile ni nchi yenye fedha.

Kwa hiyo namrudia mshairi wangu. Wewe unajua kuikata sentensi ndefu ikabaki na maana. Viongozi wa chama hawajui, nao wanasheria wanajua ila hawataki. Kifungu cha 62 kinawapa haki ya mwakilishi mmoja hata wanachama wasiozidi tisa, yaani hata ofisi ya watu wawili. Mwakilishi huyo anahitaji maandishi mkononi, kwa Kiswahili, ya kusoma kwa sauti kabla kaunta haijafunguliwa. Ukitokea mgogoro juu ya tafsiri ya mkataba, unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Atakwenda kusema nini kule kama hajausoma?

Mimi na dada tumeshafasiri kurasa tisa. Zimebaki kumi na nne, na ile ya mafao inanishinda. Jumapili ijayo tuko mezani kuanzia saa nane. Chai nitalipa mimi.