NANI ALILIPIA VITA VYA KAGERA?

Vita vya Kagera tumezoea kuvisimulia kwa majina ya miji iliyotekwa na tarehe za ushindi. Ni haki kufanya hivyo, kwa kuwa nchi ilivamiwa, na hapana taifa lenye heshima linaloweza kunyamaza likiporwa ardhi yake. Lakini masimulizi hayo hayajakamilika mpaka yaseme pia ni nani aliyelipa, na alilipa kwa njia gani.

Majeshi ya nduli Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na kuliteka eneo la maili za mraba zipatazo 710 kaskazini ya Mto Kagera, wa kwanza kulipa walikuwa wakulima na wafugaji wa mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Ng'ombe wao waliswagwa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo. Nyumba zilichomwa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Aliyekimbia aliacha migomba na kahawa, na shamba lisilopaliliwa halimsubiri mwenyewe.

Hasara hiyo ilionekana kwa macho. Ya pili haikuonekana, nayo iliienea nchi nzima.

Jeshi lilihitaji usafiri, kwa hiyo malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele. Lori lililoko Masaka haliwezi kubeba pamba ya Shinyanga. Mazao yalichelewa vijijini, na pasipo mazao hapana fedha za kigeni. Pasipo fedha za kigeni hapana vipuri wala malighafi za viwanda. Gharama ya vita hivyo hutajwa mara nyingi kuwa Dola za Marekani milioni 500. Si haki kuvitwisha vita mzigo wote: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta duniani ilipanda vikali mwaka 1979. Hata hivyo akiba iliyotokana na bei nzuri ya kahawa ya miaka ya 1976 na 1977, ambayo ingeweza kuwa kinga yetu, haikuwapo tena. Serikali ikaziba pengo la bajeti kwa kukopa katika mabenki, fedha zikaongezeka mikononi mwa watu huku sabuni, sukari na khanga zikipungua madukani.

Hapo ndipo mwalimu na karani walipoanza kulipa. Kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa shilingi 380 kwa mwezi tangu mwaka 1975. Kilipopandishwa mwaka 1980 kilifika shilingi 480, yaani nyongeza ya asilimia 26 kwa miaka mitano. Mwaka huo huo mmoja wa 1980 bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30. Wala hiyo si hesabu kamili, maana bei za Tume ya Bei zilibandikwa ukutani mwa duka lisilokuwa na kitu, na bidhaa yenyewe ilipatikana uchochoroni kwa bei ya kuruka. Mkulima aliweza angalau kula mahindi yake. Mtumishi wa Serikali hakuwa na cha kuuza ila saa zake za jioni, naye akazitumia kulima bustani na kufuga kuku.

Mwaka 1983 taifa liliwageukia walanguzi na wahujumu uchumi. Mlanguzi ni mnyonyaji, hatumtetei. Lakini uhaba hakuuumba yeye, aliukuta akautajirikia. Kumtaja yeye peke yake kulituondolea wajibu wa kumtaja mlipaji. Naye aliyestaafu katika miaka ile alirudi kijijini na pensheni iliyokokotolewa kwa mshahara ambao bei zilikuwa zimekwisha kuula.